Nchi Ndogo ya Luxembourg

Mmekwisha kusikia habari za Ubelgiji na za Ufaransa. Kati ya nchi hizo mbili na nchi ya Wadachi iko nchi moja ndogo isiyotajwa mara nyingi, nayo ni Luxembourg. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 2,586 tu. Kongo yetu yaizidi zaidi ya mara 900. Toka mpaka wa kaskazini hata wa kusini ni kilometa 82, hivi mtu mwenye miguu mizuri aweza kuimaliza kwa siku tatu.

Kaskazini kuna vilima vyenye misitu na mabonde membamba. Kusini ardhi ni njema kwa ng'ombe na nafaka, na ukingoni mwa mto Moselle wenyeji hupanda mizabibu. Zamani walikuwa wakulima maskini, na wengi walihamia Marekani. Kisha katika karne ya 19 wakaanza kuchimba kwa wingi mawe ya chuma karibu na mji wa Esch, nchi ikatajirika. Machimbo ya mwisho yalifungwa mwaka 1981. Siku hizi benki ndizo zinazoleta fedha nyingi.

Aliyewaletea watu wa huko Habari Njema kuliko wengine ni Mtakatifu Willibrord, mtawa Mwingereza. Mwaka 698 alianzisha monasteri huko Echternach, na alipokufa mwaka 739 akazikwa humo. Kila mwaka, Jumanne baada ya Pentekoste, maelfu ya watu huandamana hata kaburini pake, wakishikana kwa vitambaa vyeupe na kurukaruka kwa kufuata muziki. Anayedhani kwamba Wazungu hawachezi mbele ya Mungu, na aende Echternach akaone.

Mwaka 963 mtemi Siegfried alijipatia ngome juu ya mwamba, na mji mkuu ukakua hapo. Ngome ikawa imara mno, na kwa sababu hiyo kila mfalme mkubwa akaitamani: Wahispania, Wafransa, Waaustria, wote waliitawala kwa zamu. Mwaka 1839 nchi ikakatwa, na sehemu ya magharibi, iliyo kubwa kuliko ile iliyobaki, ikawa jimbo la Ubelgiji. Mwaka 1867 wakubwa wa Ulaya walipatana mjini London kwamba kuta za ngome zibomolewe, na nchi isishiriki vita ya mtu yeyote.

Lakini mapatano hayo hayakuwazuia Wadachi. Waliingia mwaka 1914, wakaingia tena tarehe 10 Mei 1940. Mara hii ya pili walitaka kulifuta taifa lenyewe. Walikataza Kifransa, wakabadili hata majina ya watu. Mwezi wa Oktoba 1941 wakawaandikia wenyeji maulizo: Taifa lako ni lipi? Lugha ya mama yako ni ipi? Kabila lako ni lipi? Walitazamia jibu moja, yaani Kidachi. Watu wakajibu mara tatu: Luxembourg. Wadachi walipoona hivyo, wakaiacha hesabu ile.

Mwaka uliofuata vijana waliamriwa kuingia jeshi la Wadachi. Tarehe 31 Agosti 1942 watu wa mji wa Wiltz wakaacha kazi, na miji mingine ikafuata. Watu 21 waliuawa kwa sababu hiyo. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa wafanyakazi, waalimu na watumishi wa posta. Lugha yao, iliyodharauliwa kuwa ya wakulima, ilitangazwa kwa sheria kuwa lugha ya taifa mwaka 1984.

Mwalimu aulize: Kwa nini ngome imara iliwaletea watu wa Luxembourg taabu? Walijibu nini mwaka 1941, na jibu lile lingeweza kuwapata na nini? Mtakatifu Willibrord alitoka nchi gani?