Spika za sebuleni studioni

SWALI: Nimeanzisha studio ndogo chumbani kwangu hapa Majengo, Sumbawanga. Nina amplifaya na spika mbili za sebuleni alizoniachia baba mdogo. Naweza kumiksia nyimbo, au nisubiri spika za studio?

JIBU: Usisubiri, mdogo wangu. Yamaha NS-10, ile yenye koni nyeupe inayoonekana kwenye picha za studio nyingi duniani, ilitoka mwaka 1978 kama spika ya nyumbani. Mafundi wa studio waliing'ang'ania kwa sababu haifichi kasoro za sauti za kati, ambako ndiko mwimbaji anakaa.

Spika nyingi za sebuleni, hata hivyo, hutengenezwa zipendeze: besi imeongezwa, sauti za juu zinang'aa. Ukiziamini, utapunguza besi bila kujua, na wimbo ukipigwa kwenye simu au bajaji utasikika mkavu. Weka vitufe vya besi na trebo katikati, na sabufa ibaki sebuleni. Kisha sikiliza sana nyimbo za wengine unazozijua vizuri, mpaka masikio yazoee tabia za spika zako.

Chumba ndicho kitakachokusumbua zaidi. Piga kofi moja. Mlio ukibaki ukitetemeka, kuta tupu zinakudanganya. Kwa baridi ya Ufipa mablanketi mazito hayakosekani: tundika pande zote mbili na nyuma yako. Blanketi halizuii besi, kwa hiyo sogeza spika mbali na kona, ziwe usawa wa masikio. Mvua ikianza kupiga bati, rekebisha mengine, kumiksi kungoje.