Karani, Dirisha la Mafaili na Funguo Tatu za Sanduku

Somo kwa makarani, waweka hazina na wenyeviti wa vikundi



Kikundi cha kuweka na kukopa kinachojua kazi yake huwa na sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu, na mara nyingi karani hana hata mmoja. Si kwamba karani ni mwizi. Ni kwamba pesa za watu hazifunguliwi na mkono mmoja. Sasa vikundi vingine huku Kitui na Makueni vimeanza kuweka mahesabu ndani ya kompyuta, na ndani ya kompyuta pia kuna kufuli. Somo la leo ni juu ya kufuli hizo, na juu ya siku karani anapoambiwa abebe funguo zote peke yake.

Nianze na jambo nililoliona. Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Makueni, jina nitaliacha, kilikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani. Ndani yake iliwekwa Linux Mint, kwa sababu Linux hailipiwi leseni na huweza kufanya kazi hata kwa mashine iliyochoka. Fundi alipohamisha mahesabu kutoka diski ya zamani, folda iitwayo Mahesabu ilikuja na alama ndogo ya kufuli. Karani aliweza kuifungua na kusoma, lakini alipojaribu kuandika marejesho ya mwezi, kompyuta ilikataa. Kijana mmoja akamwonyesha njia ya mkato: bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua Open as Root, andika neno la siri, basi. Na kweli dirisha likafunguka, likiwa na utepe mwekundu juu, na halikumkataza kitu chochote tena.

Karani alifikiri kwa busara yake. Akasema, nitainakili hii folda niiweke mahali pangu, halafu niifute hii yenye kufuli. Akainakili, akabonyeza neno Home lililoko upande wa kushoto, akaibandika pale, akaifuta ile ya kwanza. Akafunga dirisha. Kesho yake alipofungua kwa njia ya kawaida, Mahesabu hayapo. Home hayapo, kwenye pipa la takataka hayapo. Ilikuwa ni Desemba, na wanachama walikuwa wamepanga kugawana kabla ya Krismasi. Nilikuwapo kwa mkutano huo. Mama mmoja aliuliza: "Pesa zetu zimemezwa na mashine au zimemezwa na mtu?" Hakuna aliyejibu. Karani alikaa ameinamisha kichwa.

Yalikwenda wapi? Hebu tuangalie pole pole.

Katika Linux kila faili ina mwenyewe. Kompyuta huandika jina la mwenye faili, jina la kundi lake, halafu watu wengine wote. Kwa kila mmoja huandika kama anaruhusiwa kusoma, kuandika, au kuendesha. Ni kama kitabu cha kikundi: karani anaandika, wanachama wanasoma, mpita njia hagusi. Juu ya wote yuko mtumiaji mmoja aitwaye root, maana yake mzizi. Huyu haulizwi ruhusa. Anasoma kila kitu na anafuta kila kitu, hata vile vinavyofanya kompyuta yenyewe iwake. Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2004, na Mint iliyojengwa juu yake, humfungia root asiingie moja kwa moja. Badala yake anayeruhusiwa huazima nguvu zake kwa neno sudo, kwa kazi moja, kisha anarudi kuwa mtu wa kawaida. (Jina Ubuntu lenyewe ni utu, kwa lugha za kusini kama Kizulu. Sisi tunaosema mundu hatuhitaji kutafsiriwa sana.)

Sasa, karani alipofungua dirisha lile, dirisha halikuwa lake tena. Lilikuwa la root. Kwa hiyo neno Home halikumpeleka nyumbani kwake, ambako ni /home/karani. Lilimpeleka nyumbani kwa root, ambako ni /root. Kumbe aliweka mahesabu ya kikundi ndani ya nyumba ambayo yeye mwenyewe hawezi hata kuchungulia. Na kile alichofuta hakikwenda kwenye pipa lake. Huyu mama hakuiba kitu na hakupoteza kitu. Alipotea njia tu, kwa sababu nyumba zote mbili zinaitwa jina moja kwa skrini.

Fundi alipoitwa alimaliza kazi kwa mistari mitatu. Kwanza aliangalia:

sudo ls /root

Mahesabu yakaonekana. Akayarudisha:

sudo mv /root/Mahesabu /home/karani/

Halafu akayafanya yawe ya karani:

sudo chown -R karani:karani /home/karani/Mahesabu

Ule mstari wa tatu ndio uliotakiwa tangu siku ya kwanza. Folda ilikuwa na kufuli kwa sababu fundi wa mwanzo aliihamisha akiwa na nguvu za root, na kinachoundwa na root huwa cha root. Dawa ni kubadilisha mwenye folda, mara moja, kisha karani aendelee na kazi yake katika dirisha lake la kila siku. Ni kama maji shambani. Ukitaka maji yafike kwa mtaro wa chini unafungua nafasi ndogo kwenye tuta, huvunji fanya juu yote.

Wengine watasema, lakini sudo pia ni nguvu zilezile. Ni kweli. Tofauti ni hii: mstari wa amri hufanya kitu kimoja ulichokiandika, kisha nguvu zinaondoka kwa kazi hiyo. Dirisha la mafaili lililofunguliwa kama root hubaki wazi. Kila unachobonyeza ndani yake ni amri ya root. Kidole kikiteleza, ukaburuta folda moja ukaidondosha ndani ya nyingine, kompyuta haitakuuliza kama una ruhusa. Ukibonyeza faili mara mbili, hata programu itakayoifungua inaweza kuendeshwa na root. Na faili mpya utakayoiandika humo itazaliwa na kufuli, kwa hiyo kesho utarudi tena kwa njia ya mkato. Hivyo ndivyo kosa moja huzaa desturi.

Kuna jambo lingine, na kwa maoni yangu hili ndilo kubwa kwa kikundi. Kompyuta huandika muhtasari. Kwa Ubuntu na Mint, kila amri ya sudo huingia katika faili /var/log/auth.log: nani, siku gani, saa ngapi, na amri yenyewe neno kwa neno. Lakini ukifungua dirisha kama root, muhtasari huandika tu kwamba dirisha lilifunguliwa. Uliyoyafanya ndani hayaandikwi humo. Mnajua mkutano ambao kitabu kinasema "wanachama walikutana" na hakisemi waliamua nini? Ndio huo. Siku ya kuulizana, karani hana cha kujitetea nacho.

Hata mafundi wanaotengeneza programu hizi wameliona. Zamani kulikuwa na programu iitwayo gksu ambayo wengi walitumia kufungulia madirisha kama root. Mwaka 2018 iliondolewa katika Debian na Ubuntu. Mwaka 2017 waliotengeneza Dolphin, dirisha la mafaili la KDE, waliizuia kabisa isifunguke kwa root, na baadaye wakatengeneza njia nyingine ya kuomba ruhusa kwa kazi moja moja. Thunar hufunguka, lakini hukuonya kwamba unaweza kuharibu kompyuta. Kwa hiyo ukikuta maelekezo ya kale yanayokuambia uandike gksu, yaache.

Basi karani akikuta kufuli afanye nini? Kwanza asiwe na haraka. Kama anaweza kusoma faili, anakili kwa flashi kabla ya lolote. Kisha aulize folda ni ya nani:

ls -ld /home/karani/Mahesabu

Akiona root root katikati ya mstari, anajua tatizo. Ndipo chown iliyo hapo juu iandikwe, na watu wawili wawe wanaitazama. Hapo pana hatari moja niwaonye: nafasi. Ukiweka nafasi baada ya alama ya kwanza ya mkwaju, ukaandika / halafu home/karani, umeiambia kompyuta ibadilishe mwenye kila kitu ndani yake tangu mzizi. Mashine hiyo italazimu kuwekwa upya. Someni mstari kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter. Na ukiandika neno la siri mara nyingi hutaona herufi zikitokea, usishtuke.

Ikibidi kweli kutumia dirisha, kwa Ubuntu fungua Files, bonyeza Ctrl na L pamoja, uandike admin:// ikifuatwa na njia ya folda, mfano admin:///home/karani. Itauliza neno la siri. Hapo programu yenyewe inabaki yako, na nguvu zinatumika kwa folda unayoifikia. Ni afadhali, lakini bado unafuta kwa mkono wa root. Fanya kitu kimoja, funga.

Flashi ni habari nyingine. Flashi ikikataa kuandikwa, mara nyingi si habari ya mwenye faili. Huenda ilichomolewa bila kufungwa vizuri, au ilitoka kwa kompyuta ya Windows isiyozimwa kabisa. Kuwa root hakutaiponya. Irudishe kwa ile kompyuta, uizime vizuri, utoe flashi kwa utaratibu.

Mwisho kuna neno la siri lenyewe. Nawashauri mfanye majina mawili katika kompyuta: karani, mtumiaji wa kawaida, na msimamizi, mwenye ruhusa ya sudo. Neno la siri la msimamizi liandikwe, litiwe kwa bahasha, bahasha ifungwe na ikae kwa mwenyekiti au ndani ya sanduku. Ikifunguliwa, wawepo wawili, iandikwe kitabuni, kisha neno libadilishwe. Msiache terminali wazi mkaenda kunywa chai. Kwa Ubuntu sudo hukumbuka neno la siri kwa takriban dakika 15, na mtoto yeyote aliyekaa kiti hicho ni msimamizi.

Zoezi la kikundi. Mwingie kwa jina la msimamizi, muandike:

sudo mkdir /home/karani/Jaribio

Karani aingie kwa jina lake, aitafute folda hiyo na ajaribu kuweka faili ndani. Kompyuta ikimkatalia, msimamizi arudi aitengeneze kwa chown, na karani ajaribu tena. Halafu msimamizi aandike:

sudo grep COMMAND /var/log/auth.log

Mweka hazina asome mistari kwa sauti, na kwa kila mstari wanachama waseme ni nani aliyeufanya na kwa nini.