Mipaka ya Madaraka ya Mdhibiti na Wajibu wa Chama

Chama cha msingi katika wilaya za Tarime na Serengeti hukabidhiwa vitu viwili na mwanachama: mazao yake na taarifa zake. Kahawa, pamba au tumbaku hupimwa kwenye mizani. Jina, namba ya kitambulisho cha taifa, ya simu na ya akaunti huandikwa daftarini. Vyote viwili vinalindwa na sheria, na Serikali imeweka wadhibiti wa kuzisimamia. Hata hivyo, mdhibiti naye ana mipaka. Katibu asiyeijua aweza kumzuia mwenye haki ya kukagua, au kumfungulia daftari asiyestahili.

Mpaka wa kwanza ni sheria inayompa madaraka. Wakala wa Vipimo hukagua mizani, lakini haupangi bei ya kahawa. Tume ya Ushindani, chini ya sheria ya mwaka 2003, hushughulikia udanganyifu katika biashara. Haiamui ugomvi wa mkutano mkuu. Mrajis wa Vyama vya Ushirika hukagua vitabu vya chama kwa Sheria Na. 6 ya mwaka 2013. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi husimamia sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lalamiko likipelekwa pasipo pake, msimu huisha na mkulima hajasikilizwa.

Mpaka wa pili ni haki ya kusikilizwa. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 yataka mtu asikilizwe kikamilifu kabla ya kuamuliwa, na awe na njia ya kukata rufaa. Ndiyo maana asiyeridhika na uamuzi wa Tume ya Ushindani hukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani.

Mpaka wa tatu ni mahakama. Mwezi Mei 2024, Mahakama Kuu iliamua kwamba baadhi ya vifungu vya sheria ya taarifa binafsi havikuwa wazi, hivyo vilikwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Fundisho ni hili: hata sheria ya kumlinda mwananchi haina budi kusema waziwazi, isije ikategemea matakwa ya mwenye cheo.

Mpaka wa nne ni wa kawaida kabisa: mdhibiti halali katika ofisi ya chama. Namba za wanachama zikishanakiliwa na tapeli wakati wa malipo, adhabu yoyote itakayotolewa baadaye haitazirudisha daftarini. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza ni wa chama chenyewe.

Afisa anapotaka taarifa za wanachama, katibu:

1. Aombe kitambulisho na barua inayotaja sheria inayohusika.
2. Amjulishe mwenyekiti.
3. Atoe kilichoombwa kihalali, bila kuzidisha.
4. Aandike tarehe, jina la afisa na kilichotolewa.

Mnunuzi au mwanasiasa si mdhibiti, hata akija kwa gari la fahari.

Maswali ya kujadili

1. Katika chama chenu, nani hushika ufunguo wa kabati la daftari?
2. Mwanachama akishuku mizani, apeleke lalamiko wapi?
3. Je, mwanachama ana haki ya kujua nani amepewa taarifa zake?