Kufundisha Istilahi za Simu ya Ofisini Inayotumia Intaneti

Mwalimu anayefundisha istilahi za mtandao na simu katika madarasa ya juu ya shule ya msingi hukabiliwa na tatizo asilolitazamia. Maneno mengi ya somo hili si mageni kwa wanafunzi. Wanayajua tayari, ila kwa maana nyingine. Katika makala haya tutaeleza jinsi somo hilo linavyofaa kuandaliwa, tukichukua mfano wa simu ya ofisini ipitishayo sauti kwenye intaneti, ambayo katika ofisi nyingi imechukua nafasi ya swichibodi.

Tutazame neno "laini". Mtoto anayetumwa dukani anajua kuwa laini ni kile kikadi kidogo kinachotiwa ndani ya simu ya mkononi. Ofisini, "laini ya nje" ni njia ya kuzungumza na walio nje ya jengo. Neno "mtandao" lina uzito zaidi. Mitaani humaanisha kampuni ya simu; kwa wengine ni intaneti yenyewe; na kwa fundi wa ofisi ni vyombo vyote vilivyounganishwa pamoja, hata kama havina njia ya kutoka nje. Mwalimu asipozitenganisha maana hizi tangu mwanzo, mwanafunzi atanakili maelezo ya ubaoni kwa hati nzuri na kuyaelewa kinyume. Kwa sababu iyo hiyo hatupendekezi neno "kifurushi" kwa lile fungu dogo la data linalosafirishwa. Ni neno zuri, lakini kwa mtoto kifurushi ni kile kinachonunuliwa kwa siku au kwa wiki. Afadhali tuseme "pakiti". (Hata "simu", ambayo asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, leo mara nyingi haina waya, wala hakuna anayelalamika.)

Yafaa kitendo kitangulie istilahi. Mwalimu aanze kwa kuwapa wanafunzi wawili kamba, kila mmoja ashike ncha yake. Hiyo ndiyo simu ya zamani: muda wote wa mazungumzo njia ni yao peke yao. Kisha aiondoe kamba na kuandika sentensi hii kwenye kadi 8, neno moja kila kadi: "Mgeni wa mkuu wa ofisi hatafika kesho asubuhi." Kila kadi iwe na nambari ya mfuatano na jina la mpokeaji. Wanafunzi wazipeleke kadi kwa kupitia njia mbalimbali kati ya madawati, na mpokeaji azipange. Hapo darasa litaona kwa nini nambari zinahitajika, maana "wa" ni mbili. Mwalimu aizuie kadi ya sita kwa siri, na kuuliza kama mgeni anakuja au haji. Kadi hiyo moja yatosha kuwaeleza kukatikakatika kwa sauti.

Baada ya hapo maneno yatajileta yenyewe. Kadi ni pakiti. Jina la mpokeaji ni anwani. Mwanafunzi asimamaye mlangoni akisoma anwani, bila kusoma ujumbe, na kuamua kadi ipite wapi kwenda mtandao mwingine, ni ruta. Yule agawaye kadi ndani ya chumba ni swichi; mwalimu akumbushe kwamba hii si swichi ya taa. Kanuni za mchezo walizokubaliana ni itifaki. Nambari ya ndani, kuhamisha simu na ujumbe wa sauti havihitaji maelezo marefu. Vionyeshwe kwa maigizo mafupi.

Jambo moja lisirukwe. Katika simu hizi, sauti mara nyingi hupimwa mara 8,000 kila sekunde, kisha hufungwa katika pakiti 50 kwa kila sekunde. Pakiti ya barua ikipotea hutumwa tena, kwa kuwa barua yaweza kungoja. Pakiti ya sauti iliyochelewa mno huachwa, kwa kuwa mazungumzo yamekwisha songa mbele. Ndiyo maana ofisi yaweza kupokea barua zake zote salama huku simu ikikwaruza. Katika mchezo wa kadi, mpokeaji ahesabu hadi kumi, kisha asome alizo nazo, hata kama nyingine ziko njiani.

Lililobaki ni la usalama, nalo tungependa lipewe kipindi kizima. Simu ya zamani ya waya ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, hivyo iliendelea kufanya kazi jengo likiwa gizani. Simu ya intaneti hutegemea umeme wa jengo. Hata ile ipatayo umeme kwa waya wa mtandao huupata kutoka kwenye swichi, na swichi ikizimika, simu nayo huzimika, isipokuwa kama ofisi ina betri au jenereta.

Kwa hiyo katika jaribio tusiulize "Ruta ni nini?" Tuulize hivi: "Umeme umekatika ofisini na taa za ruta zimezimika. Moshi unatoka stoo. Karani ananyanyua simu ya mezani, haina mlio. Kwa nini haina mlio, na afanye nini?" Mwanafunzi atakayejibu kwamba karani atumie simu ya mkononi, akaeleza sababu kwa kutaja ruta na umeme, apewe alama zote, hata kama amekosea tahajia ya neno moja au mawili.