SOMO: KUKEREZA CHOMBO CHA PAMBO



Sote tunakijua kinu. Fundi huchukua gogo, akachonga kwa shoka na tezo mpaka tundu likapatikana. Gogo limetulia, tezo ndiyo inayokwenda. Leo tunajifunza kazi ya namna nyingine. Hapa mti ndio unaozunguka, na patasi ndiyo imetulia. Kazi hii inaitwa kukereza. Watu wa Lamu na Unguja wameijua tangu zamani. Miguu ya vitanda vyao hukerezwa.

Kwa nini tuzungumze habari hii sisi wa Kahama? Mgodi wa Buzwagi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009. Mwaka 2021 uzalishaji ulikoma. Dhahabu huisha. Ufundi ulio mikononi hauishi.

Mti gani?

Mninga ni mti mzuri kwa kazi hii. Lakini kuukata bila kibali ni kosa kisheria. Basi usikate mti. Nenda kwa maseremala, ununue vipande vilivyobaki. Mwembe uliozeeka nao unafaa. Chagua kipande kisicho na ufa. Tena kisiwe na moyo wa mti katikati, maana hapo ndipo ufa unapoanzia.

Kukereza mara ya kwanza

Tuseme kipande kina urefu wa sentimita 22 na upana wa sentimita 15. Chora mistari miwili kila upande wa mwisho, kutoka pembe hadi pembe. Inapokutana ndipo katikati. Kata pembe kwa msumeno. Funga kipande kwenye mashine, kati ya ncha mbili. Kizungushe kwanza kwa mkono, uone kwamba hakigusi kitu. Halafu washa mashine kwa mwendo mdogo, mizunguko kama 500 kwa dakika.

Anza na umbo la nje. Kibuyu ni mfano mzuri: tumbo pana, shingo nyembamba. Chini acha kikia kifupi cha kushikwa na taya za mashine. Kisha shika chombo kwa kikia hicho, utoboe tundu katikati ya mdomo. Usifike chini kabisa. Acha sentimita 2 za kitako. Sasa chimba ndani, ukianzia katikati kwenda pembeni. Kwenye mabega tumia patasi iliyopinda. Simamisha mashine mara kwa mara, utoe maranda.

Ikiwa mti bado mbichi, usiumalize siku hiyo. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mti mbichi hukatika vizuri, lakini ukikauka hujipinda. Basi acha kuta nene, kama sentimita 1 na nusu.

Kukausha

Jua letu na upepo wa kiangazi hupasua mti. Weka chombo kivulini, ndani ya gunia lenye maranda makavu. Kipime kila wiki na uandike uzito kwenye daftari. Uzito ukiacha kupungua kwa wiki kadhaa, chombo kimekauka. Huenda ikachukua miezi mitatu au zaidi. Hapa ndipo kusoma na kuandika kunaokoa mali. Asiyeandika hukisia, na anayekisia hupasua chombo.

Kumaliza

Ziba mdomo kwa kizibo cha mti, urudishe chombo kati ya ncha mbili. Kereza nje na kikia mpaka viwe duara tena. Halafu shika kikia kwa taya, utoe kizibo, upunguze kuta za ndani. Macho hayaoni ndani, kwa hiyo simamisha mashine na upime unene. Sikiliza pia. Ukuta ukiwa mwembamba, sauti hubadilika. Pambo rahisi ni michirizi: bana waya kwenye mchirizi chombo kikizunguka, na mstari mweusi utatokea. Waya uwe na vishikio vya mti, usiuzungushe vidoleni. Malizia kwa msasa na nta ya nyuki. Mwisho kata kikia.

HATARI

Usiingize kidole ndani ya chombo kinachozunguka.
Usivae kanga, shati la mikono mipana, wala glavu.
Vaa kinga ya uso. Kipande kikiruka, jicho halirudi.
Funika pua na mdomo. Vumbi la mbao huharibu mapafu.

Tupige hesabu

Tuseme kipande cha mbao ni shilingi 3,000. Kukodi mashine na umeme ni 4,000. Msasa na nta ni 2,000. Jumla ni 9,000. Umefanya kazi siku moja na nusu, na ujira wa siku ni 10,000. Hizo ni 15,000. Jumla yote ni 24,000. Ukiuza kwa 20,000, unaona umeshika fedha, kumbe umepoteza 4,000 za jasho lako. Watu wengi huacha ufundi kwa sababu hii. Siyo kwamba hawajui kazi. Hawakuhesabu siku zao.

Kama hamna mashine kijijini, ulizeni ofisi ya SIDO au chuo cha VETA kilicho karibu. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Nendeni kikundi, mashine moja inatosha watu wengi.

Maneno ya kukumbuka

Kukereza: kuchonga mti unaozunguka kwenye mashine.
Kikia: sehemu fupi ya chini inayoshikwa na mashine.
Maranda: takataka nyembamba za mbao.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini tunaandika uzito wa chombo kila wiki?
2. Kwa nini kanga ni hatari karibu na mashine?
3. Chombo chetu kiuzwe kwa bei gani ili fundi apate faida ya shilingi 6,000 juu ya ujira wake?