Jifunze Kunoa Biti ya Drili kwa Mkono Kabla ya Mashine



Leo tunaingia karakana. Wengi wenu ni mafundi wa magrili, mageti na aluminiamu, au ndio mnajifunza. Kuna hasara moja ninayoiona kwa vijana wa VIWAWA hapa parokiani ninapofanyia mwaka wa uchungaji, nayo inakula mtaji kimya kimya. Biti ikianza kugoma, fundi anailalia drili kwa kifua. Ikizidi kugoma, anaitupa na kukimbilia dukani. Ukiiokota hiyo biti ukaitazama, mara nyingi kilichoharibika ni ncha tu, labda milimita moja. Chuma kingine chote ni kizima!

Tatizo hili ni la zamani. Soma Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13: Israeli haikuwa na mhunzi, kwa hiyo watu waliteremka kwa Wafilisti, maadui wao wenyewe, kunoa majembe na mashoka, na walilipa kwa kila kifaa. Asiyejua kunoa, kazi yake iko mikononi mwa mwingine.

Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha utume wa vijana wafanyakazi, aliwazoesha vijana kuona, kuamua, kisha kutenda. Kwenye kunoa tunapenda kurukia kutenda. Tuanze basi na kuona.

Safisha biti, ielekeze ncha kwenye jicho lako mahali penye mwanga. Utaona makali mawili, na katikati yake mstari mfupi unaoyaunganisha. Ukali uliotimia haurudishi mwanga. Ukiona uzi mweupe unang'aa juu ya ukali, hapo ni butu. Tazama pia kona za nje, maana ndizo zinazoanza kuisha. Kazini nako biti butu inajitangaza yenyewe: inalia, inatoa unga badala ya nyuzi za chuma, inatoa moshi.

Kabla hujanoa, jiulize imekuwaje ikaisha. Mara nyingi ni mwendo kasi. Biti ya milimita 10 kwenye chuma laini inataka mizunguko kama 800 hadi 900 kwa dakika, na kwenye stenlesi nusu ya hapo au pungufu. Ukiifungulia drili mpaka mwisho, utanoa kila siku.

Halafu amua pembe. Biti za kawaida zina ncha ya nyuzi 118, na za chuma kigumu nyuzi 135. Huna kipimo? Chukua nati mbili za pembe sita zinazolingana, ziweke ubavu kwa ubavu. Ule mwanya unaotokea kati yake ni nyuzi 120, unatosha kabisa kupimia ncha ya 118.

Sasa kutenda. Tumia grainda ya mezani. Grainda ya mkononi, huku mkono mwingine umeshika biti, hapana, tafadhali. Pa kuegemeza biti pawe karibu na jiwe, mwanya usizidi milimita 3. Vaa miwani. Usivae glovu, na rozari ya shingoni iingize ndani ya shati.

Egemeza biti juu ya kidole cha mkono mmoja, mkono mwingine ushike mkia. Ukali unaounoa ulale sawa na sakafu, ukitazama juu, na biti iwe imekaa upande, nyuzi kama 59 kutoka uso wa jiwe. Gusa jiwe kwa ukali wenyewe kwanza, halafu teremsha mkia polepole huku ukisukuma kidogo, ili jiwe lipite kutoka kwenye ukali kwenda mgongoni mwake. Geuza, fanya upande wa pili vilevile. Hesabu: mara tatu huku, mara tatu kule.

Huo mgongo ndio siri yenyewe. Darasa la falsafa lilitusumbua sana na tofauti kati ya kinachoonekana na kilichopo, na sijapata mfano mzuri kuliko huu. Biti inaweza kuwa na ncha kali, inang'aa, na isikate chochote. Kwa nini? Kwa sababu mgongo uko juu kuliko ukali, kwa hiyo mgongo ndio unaosugua chuma na ukali haukifikii. Mgongo lazima ushuke nyuma ya ukali kwa nyuzi 8 hadi 12 hivi. Ukishusha kupita kiasi, ukali unakuwa mwembamba na unameguka.

Angalia joto pia. Biti za chuma cha kasi, kile ambacho Taylor na White walikionyesha Paris mwaka 1900, zinavumilia joto kali, lakini usiichovye kwenye maji ya baridi ikiwa imewaka, itapata nyufa. Zile za bei rahisi za chuma cha kaboni zichovye mara kwa mara, maana zikishageuka bluu zimelainika.

Je, mashine ya kunolea biti? Ni nzuri, sikatai. Unafunga biti kwenye kishikio, unachagua 118 au 135, unazungusha, na pande zote mbili zinatoka sawa. Kwa karakana yenye biti nyingi inaokoa muda. Lakini ukiifunga vibaya, itakunolea vibaya kwa usahihi mkubwa, na asiyewahi kunoa kwa mkono hatajua kilichotokea. Kikundi chenye fedha ya kitu kimoja, mimi ningenunua grainda ya mezani. Hiyo inanoa na patasi pia.

Biti za ukutani ni habari nyingine. Ncha yake ni kabaidi, na jiwe la kawaida haliiwezi. Inataka jiwe la kijani la silikoni kabaidi au la almasi.

Ukimaliza, jaribu kwenye kipande cha chuma laini, weka tone la oili. Zikitoka nyuzi mbili zinazolingana, umepata. Ukitoka uzi mmoja tu, ukali mmoja umelala. Na tundu likiwa pana kuliko biti, upande mmoja ni mrefu: rudi kwenye nati zako, pima, uzisawazishe pande zote mbili.