Harufu ya maembe mkobani

Juma hili tusome 1 Wakorintho 6:19-20, kisha tuongee habari za puff, vile vijiti vya mvuke.

Hapa Molenbeek mtoto anayevuta hanuki moshi tena. Ananuka maembe au pipi. Tangu 1 Januari 2025 Ubelgiji imekataza kuuza zile za kutumia na kutupa. Za kuchaji bado zinauzwa kwa aliyetimiza miaka 18, na vijana wana kaka wakubwa. Mara nyingi mna nikotini ndani, na ubongo unaokua hunaswa nayo upesi.

Ukiikuta, usianze na kofi. Muulize alipewa na nani, na kama asubuhi anaitamani hata kabla ya chai. Akikubali, amekwisha kunaswa, anahitaji msaada. Tabacstop hupokea simu bure: 0800 111 00. Mwache aongee mwenyewe, Kifaransa anakijua kukushinda.

Na sisi tunaovuta shisha harusini tukisema ni matunda tu? Tumbaku imo, na makaa yale yana sumu yake. Watoto wamekaa meza ya pili, wanatuangalia.